Kitufe cha Jabiri

Foleni ya kituo cha barua pepe pale Kinondoni ilikuwa imefika barazani. Rukaiya, karani, alikuwa akiwaandikia wateja barua zao, kila moja kwa salamu zilezile.

"Sista, vidole vitakukatika," akasema kijana wa shati jeupe lililonyooshwa likanyooka. "Nipishe nikuonyeshe kitu."

Alikuwa Jabiri wa Keko. Akamfundisha makro: unakipa kitufe kimoja maneno yako, ukikibonyeza kinaandika yote na kutuma chenyewe.

"Mchawi wewe!" Rukaiya wa gauni la vitone akacheka.

"Mchawi wako, nikikubaliwa."

Akakubaliwa. Jabiri alipohamishiwa Mwanza kikazi, ilibaki wazee wake walete posa tu. Kila siku alimwandikia, na mwanzoni Rukaiya alijibu kwa moyo. Lakini wateja wanasubiri, bosi anafoka. Akamtengenezea Jabiri kitufe chake. Anafungua barua, anabonyeza: Nimefurahi sana, mpenzi. Habari zako zimenipa raha. Barua yenyewe ataisoma jioni. Jioni nayo ina mambo yake.

Alhamisi simu ya ofisini ikalia.

"Rukaiya. Niko Keko."

"Jamani, laazizi! Umekuja bila kuniambia?"

"Nilikuandikia juzi: Mama amefariki, nenda ukakae na wadogo zangu mpaka nifike. Ukanijibu umefurahi sana."

Akaitafuta barua. Ipo. Akaisoma mpaka mwisho.

Alifika msibani na khanga mbili, macho yamevimba. Jabiri akamsikiliza uani.

"Ni kitufe, Jabiri. Wallahi sikusoma."

"Najua ni kitufe, nimekufundisha mie. Njia nzima nawaza barua zako. Hata nilipougua malaria ulifurahi. Nikadhani unanitania."

"Nisamehe. Na wazee, bado watakuja kwetu?"

"Rukaiya, mama'angu tumemzika jana."

Hakumfukuza. Rukaiya akaingia kwa wanawake, akasugua masufuria mpaka vidole vikachubuka. Shangazi yake Jabiri akamwinamia.

"Mwanangu, unajituma hivyo, wewe nani kwa marehemu?"

Jabiri alikuwa mlangoni, kaleta ndoo ya maji. Rukaiya akamtazama, akangoja aseme yeye. Jabiri akaitua ndoo taratibu, akarudi kwa wanaume.

"Mgeni tu, shangazi," akasema Rukaiya, akavuta sufuria jingine.