Mkono wa Kulia wa Mwanvita

Mimi hili sikusimuliwa. Nililiona kwa macho yangu mwanzo hadi mwisho, na pale ambapo wanaume wazima walirudi nyuma, mimi nilisogea mbele.

Mwaka ule vita vya pili vilipoanza, Mwanvita wa Dunda aliacha barazani ukili wake mwekundu wa kushonea mkeka, pima tatu kamili, akaingia ndani kujinyoosha jua likiwa utosini. Alipotoka alikuta pima tatu na shibiri.

Akaupima tena. Shibiri ile haikuwa yake.

Kwenye kusuka, Mwanvita hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipokuwa mwari alisuka misala myeupe, myembamba kama karatasi. Alipoolewa akaingia kwenye rangi, mikeka yake ikawaka kama kanga mpya. Mumewe alipokufa rangi zikamtoka, akasuka majamvi matupu. Kisha ikaja homa ya siku arobaini, ikamwachia mkono wa kulia unaotetemeka, na tangu hapo kila alichosuka kilikwenda upande. Na bintiye Mardhiya alikuwa aolewe mwisho wa mwezi. Mwanvita alishatamka mbele ya wakwe kwamba mwanawe hatakalia mkeka wa mkono wa mtu mwingine, na kwa ajili hiyo akarudia rangi.

Siku ya pili shibiri zilikuwa mbili. Siku ya tatu, tano. Ikawa kila adhuhuri ukindu unalia barazani, kwaru, kwaru, na harufu ya maji ya waridi inapita mlangoni ambapo hakuna aliyenyunyiza, naye amelala macho wazi, mkono wake wa kulia umetulia kifuani kama wa maiti, kana kwamba kile kilichokuwa kikiutetemesha kimetoka nje kufanya kazi, mpaka alipojikaza akachungulia, akaona ukili unajisuka wenyewe, na katikati ya wekundu zinatokea nyayo nyeusi ndogondogo, mguu baada ya mguu, zikielekea ncha iliyokuwa bado haijasukwa.

Kilichomuudhi ni kwamba kazi ile ilikuwa nzuri kuliko yake.

"Miaka thelathini nasuka," alimnong'oneza dada yake, Sikuzani. "Leo kitu kisicho na mwili kinakuja kunisahihisha."

"Nyamaza, mdogo wangu. Kinasikia."

"Kisikie. Nimechoka nacho."

Sikuzani akamleta Bwanausi, mganga kutoka Mkange. Wakafukiza, wakapiga ngoma, wakaweka sahani ya halua. Jini akapanda kichwani kwa Mwanvita. Saa hiyo mgonjwa hana kinywa chake, kwa hiyo ndugu ndiye humjibia. Mganga alipouliza jini anataka nini, sauti nzito ikasema hataki kitu. Sikuzani, kwa pupa, akadakia: "Basi chukua kilicho chako, uende."

Bwanausi alimshika bega, lakini alikuwa amechelewa.

"Chote?" jini akauliza, taratibu.

"Chote."

Asubuhi mkono ulikuwa mzima, unainua ndoo ya maji. Mwanvita akashika ukindu, na vidole havikujua pa kuanzia. Hata misala ya uwari wake ilikuwa imemtoka. Siku tisa alisuka na kufumua, akautupa ukindu uani, akamtukana Sikuzani, akauokota tena. Mardhiya akamwambia wanunue tu mkeka dukani kwa Jafferali, wakwe hawatajua. Mama mtu akaendelea kufumua.

Siku ya kumi, jua utosini, aliutandaza ule ukili barazani, akanyunyiza maji ya waridi, akajisogeza pembeni kuacha nafasi ya mtu wa pili. Akasema kwa sauti ndogo inayotetemeka:

"Njoo. Wa kulia wako, wa kushoto wangu. Lakini harusi ni ya mwanangu."

Kidole cha mwisho kikaanza kucheza, kikafuata cha pete, kisha mkono mzima.

Siku ya harusi Mardhiya alikalia mkeka wa nyumbani kwao. Wakwe walizisifu zile nyayo, wakauliza zinakwenda wapi. Mwanvita akasema hajui, labda wamuulize mwenzake.

Neno moja tu nimelitia mwenyewe, kwamba sauti yake ilitetemeka. Alimwita jini kavu kabisa, kama unavyomwita shoga yako aliyechelewa kazini.