Paka Waliohamia Gereji

Nyumbani kwetu saa ya kuamsha watu ilikuwa pua yangu. Kabla jua halijachomoza vizuri, nilikuwa nimeshapiga chafya saba mfululizo, na Bibi alikuwa akizihesabu kutoka chumbani kwake.

"Leo saba!" alitangaza. "Jana tisa. Kipua anaendelea vizuri."

Kipua ni jina alilonibandika Bibi, na kusema kweli lilinifaa, maana pua yangu ilikuwa haikauki. Macho yaliwasha, kifua kilibana, kilima cha kuja kwetu kilinishinda, na nikikimbia hatua kumi nilihema kuliko Bibi mwenyewe. Sote tulidhani ni mafua tu. Hakuna aliyewafikiria paka wetu wawili waliolala kitandani kwangu: Bi Mkubwa, paka wa kijivu aliyetembea ndani ya nyumba kana kwamba ndiye aliyeijenga, na mwanawe Soksi, mweusi tititi mwenye miguu myeupe.

Baba ni fundi wa magari. Gereji yake iko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ua. Ina kuta za mabati, meza ndefu ya vifaa, na lango linalolalamika kila likifunguliwa. Nikitoka shule nilipenda kukaa kwenye tairi kuukuu na kumtazama akifanya kazi. Wiki ile alikuwa na pikapu ya bluu iliyozimika njiani. Mwenye gari aliapa kwamba hajui imefanya nini. Baba akafungua hiki, akafungua kile, akang'oa pampu ya mafuta, akaikuta nzima. Siku ya tatu ndipo mteja yule alipokiri, macho chini, kwamba alikuwa ametia dizeli kwenye gari la petroli.

"Loo! Mzee mzima!" Baba alisema mteja alipoondoka. "Ameona aibu ya dakika moja, mimi nikahenyeka siku tatu. Kipua mwanangu, mteja akikuficha jambo utang'oa kifaa kizima, na ugonjwa utabaki palepale."

Nilicheka sana. Sikujua kwamba maneno yale yangenirudia.

Mwezi uliofuata kifua kilinibana darasani, Mama akanipeleka zahanati. Daktari alinisikiliza mgongoni, akauliza maswali mengi, kisha akauliza, "Nyumbani kuna mnyama?"

"Paka wawili," nilijibu kwa fahari. "Nalala nao."

Daktari na Mama wakatazamana. Basi nikaelezwa kwamba nina mzio. Mwili wangu unakataa kitu ambacho miili ya wengine haikijali, na kwangu kitu hicho ni vumbi la ngozi, mate na manyoya ya paka. Nilipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na Mama akapewa neno moja zito: paka wasikae ndani ya nyumba.

"Wanaondoka," Mama alisema tulipofika nyumbani. "Yule mwenye duka la nafaka kule mjini anatafuta paka."

Nililia mpaka chafya na kwikwi zikapishana mlangoni. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyeniokoa.

"Mbona gereji ipo?" aliuliza.

"Gereji yangu?" Baba aliruka. "Mama, pale natengeneza magari, sifugi."

"Hufugi? Na wale panya wanaotafuna nyaya za wateja wako ni wa nani?"

Bibi akishakufunga goli hashangilii, anaendelea tu kuchambua mchele wake.

Wakakubaliana mwezi mmoja. Paka wahamie gereji, nyumba isafishwe, nami nirudi zahanati nikapimwe. Kifua kikipona, watabaki. Kisipopona, mwenye duka awachukue.

Nyumba ilipinduliwa juu chini. Mapazia yalifuliwa, godoro likaanikwa juani, mkeka wa chumbani kwangu ukatolewa kabisa. Kule gereji Baba aliweka boksi lenye gunia laini, akapandisha makopo yote ya oili kwenye rafu ya juu, na akajizoesha kugonga boneti mara tatu kabla ya kuwasha gari lolote, maana paka hupenda kulala penye injini ya moto. Mimi niliruhusiwa kuwatazama nikiwa uani tu. Hata Baba alivua ovaroli yake mlangoni kabla ya kuingia ndani.

"Katika nyumba yangu mwenyewe!" alinung'unika siku ya kwanza, akiwa amesimama na kaptura.

"Sheria ni msumeno," Mama alimjibu.

Wiki mbili zikapita. Chafya zikashuka zikawa nne, halafu mbili, na asubuhi moja Bibi akaja kunitazama kama bado nipo, kwa sababu hakusikia hata moja. Gereji nako Baba hakupata waya uliotafunwa. Mambo yalikuwa mazuri kabisa, na mimi ndiye niliyeyaharibu.

Alasiri moja mvua ilinyesha. Mama alikuwa kazini, Bibi amesinzia kwenye kiti. Soksi alikuja dirishani kwangu, amelowa, akanitazama tu. Moyo ukaniambia: mara moja tu, nani atajua? Nikafungua dirisha. Alilala chini ya blanketi langu, akikoroma kwa raha, nami nikaona raha pia. Kesho yake nikamwingiza tena, na kesho kutwa vilevile. Za mwizi huambiwa ni arobaini, lakini zangu zilitimia tatu tu.

Jumamosi mchana, tukiwa mezani, kifua kilianza kupiga mluzi. Nilivuta pumzi ikagoma katikati. Mama aliangusha kijiko, akakimbilia dawa, Baba akaniketisha wima na kunishika mgongo. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, na nilijua Mama aliogopa zaidi.

Dawa ilipofanya kazi nikapumua sawasawa, Mama akasema kwa sauti ya chini, "Gereji haikusaidia. Nampigia simu mwenye duka, aje kesho."

Baba hakubisha. "Mtoto kwanza," alisema. Lakini jioni ile, kabla jua halijazama, nilimwona gereji, ameketi kwenye tairi langu, Bi Mkubwa mapajani mwake.

Kesho yake mwenye duka la nafaka alifika na kikapu chenye mfuniko. Bi Mkubwa aliingizwa akipiga kelele. Kisha Baba akamshika Soksi, na Soksi akajiachia mikononi mwake bila wasiwasi wowote, kwa sababu hakuwa na kosa. Hapo ndipo jambo lile liliponiuma. Paka walikuwa wanahukumiwa kwa kosa langu. Gereji ilikuwa imesaidia, na mtu pekee aliyelijua hilo alikuwa amenyamaza kimya.

"Baba, ngoja!" nilipaza sauti. "Mimi ndiye mwenye pikapu."

Wote wakanigeukia.

"Pikapu gani?" Mama aliuliza.

Baba alinitazama, Soksi bado kifuani mwake. Taratibu uso wake ukabadilika.

"Ulitia nini kwenye tangi?" aliuliza.

"Soksi. Chini ya blanketi langu. Siku tatu mfululizo." Machozi yakaanza kunitoka. "Unang'oa pampu nzima, Baba. Ubovu ni mimi."

Mama akaja juu. "Mtoto wewe! Jana nilidhani unanifia mkononi, na kumbe ulikuwa unajua!" Alinikaripia mpaka sauti ikamkauka, kisha akanikumbatia kwa nguvu karibu anibane kifua upya.

"Sasa mimi," mwenye duka aliuliza, "nimepanda kilima chote kile kuja kuchukua hewa?"

"Njoo unywe chai, baba," Bibi alimwambia. "Hewa utaikuta hukohuko."

Nilisamehewa, lakini mwezi ulianza kuhesabiwa upya tangu siku ya kwanza. Mashuka na blanketi nilifua mwenyewe, mara moja kila wiki, mpaka vidole vikakunjamana. Sakafu nilipiga deki kila siku. Dawa sikuruka hata asubuhi moja. Na Soksi alipokuja dirishani, nilimwambia kupitia kioo, "Rudi gereji, bwana mdogo, unaniponza." Haikuwa rahisi, nilitamani kufungua kila mara. Sikufungua.

Siku ya thelathini mimi na Mama tulikwenda zahanati. Muuguzi alinipa kijibomba chenye mshale, akasema, "Vuta pumzi, halafu puliza kwa nguvu zako zote." Mara ya kwanza nilipokuja, mshale ulikuwa umeishia chini ya nusu. Nikavuta, nikapuliza. Mshale ukapanda, ukapita pale pa zamani, ukapita na mstari wa kijani, alama ya kifua kizima.

"Eeh! Binti, utaning'olea ukuta!" muuguzi alisema, akipiga makofi. Mama naye alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Sikutembea kurudi nyumbani. Nilikimbia, na kilima kile kilichokuwa kikinishinda nilikipanda moja kwa moja bila kusimama, Mama akinifokea kutoka nyuma nimsubiri. Nilifika uani nikipumua kwa mdomo mpana, pumzi nzima, isiyo na mluzi.

"Baba! Nimepita! Paka wanabaki!"

Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya lango la gereji, bisibisi mkononi. Chini ya lango alikuwa amekata tundu dogo la mraba, akalitia mlango wake mdogo wenye bawaba mbili. Rangi ya mlango ilikuwa imeshakauka. Bi Mkubwa alitoka humo, akatutazama, akarudi ndani.

"Lakini majibu ndiyo kwanza yametoka," nilisema. "Ulijuaje?"

Baba alijifuta mikono kwenye kitambaa. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini," alisema. "Ukweli unauma mara moja tu, mwanangu, uongo unakuuma wewe na wasiohusika. Na mteja akishanieleza ukweli wote, sijawahi kushindwa kutengeneza."

Asubuhi iliyofuata Bibi alingoja, akangoja, mwishowe akatangaza kwa sauti iliyofika mpaka gereji, "Leo sifuri! Sasa huyu tumtafutie jina jingine."