Mlango wa Kuchora

Rafiki yangu mmoja kazi yake ni kujaribu michezo ya video kabla haijauzwa. Wa mwisho ulikuwa wa ujambazi: unaiba gari, unauzunguka mji mzima upendavyo. Utamu wake ulikuwa wapita njia, maana kila mmoja alionekana ana kwake. Asubuhi hiyo alitakiwa amfuate mmoja tu, aone kama anafika kwake. Akamchagua mama mwenye ndoo, aliyetembea akiburuza kandambili.

"Unamsindikiza mama mkwe?" mwenzake akamtania. "Mkanyage bwana, tucheke!"

Akamkanyaga. Akarudisha gari kinyumenyume, akamkanyaga tena, hadi ndoo ikaacha kubiringika. Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Kisha, ili ripoti yake ikamilike, akaenda hadi kwenye mlango ambao yule mama alikuwa akiuelekea. Ulikuwa picha tu iliyochorwa ukutani. Nyuma yake hapakutengenezwa kitu, na mchezo mzima haukuwa na mtoto hata mmoja. Akaugonga kwa kitako cha bunduki, kwa mzaha.

Ndani, gizani, kiti kikasogezwa.

"Mama," sauti ndogo ikauliza, "mbona leo sikusikia kandambili zako?"