Upande wa Ndani wa Ukuta

Ukuta wa jikoni uligoma kukauka. Kuta nyingine walizopiga lipu wiki ile zilikuwa zimeshika, lakini huu mmoja, uliotenganisha jiko na chumba cha kulala, ulibaki mbichi kama umepigwa sasa hivi. Mshonaji aliuwekea kiganja. Ulikuwa unatoa jasho. Akanusa vidole vyake, akakunja uso. Harufu ya nywele zilizolowa.

"We fundi uchwara," alimwita mumewe. "Saruji umechanganya na nini, uji?"

"Mama kijacho, usinianze. Karai ni lilelile, mchanga uleule. Kuta zote zimekauka isipokuwa huo. Mwenye makosa ni ukuta, mimi simo."

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Kujenga hakujua, na mkewe alijua cherehani tu, lakini nyumba waliyoinunua ilikuwa kuukuu, paa limeoza, milango imeinama kama walevi, na wao ndio mafundi pekee waliokubali kufanya kazi bila kulipwa. Kila wakitoka kwenye shughuli zao walivaa nguo mbovu wakaanza kugonga. Haraka yao ilikuwa tumboni mwa Mshonaji. Mimba mbili zilikuwa zimetoka katika vyumba vya kupanga. Hii ya tatu ilikuwa kubwa sasa na inapiga mateke. Mshonaji alikuwa ameapa moyoni kwamba huyu atazaliwa mzima, na atazaliwa kwake. Hakuwa na dua nyingine.

Alikuwa na ugonjwa wake. Nguo haikutoka mkononi mwake mpaka ameigeuza nje ndani na kukata kila uzi unaoning'inia, hata kama ni suruali ya kulimia. Ugonjwa huo aliuhamishia kwenye nyumba. Yeye alipanga matofali upande huu, mumewe akasimama upande wa pili analainisha viungo vya saruji kati ya matofali, ili ukuta uwe safi pande zote. "Hata pale pa kuegemeza kabati?" mumewe aliuliza siku moja. "Nani ataona?" Akajibiwa, "Mimi nitajua."

Basi mume akagonga ule ukuta mbichi kwa mpini wa nyundo. Ukalia kama pipa tupu. Wakaingia jikoni, wakatoka, wakaingia chumbani, wakagundua jambo ambalo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: kati ya vyumba hivyo viwili kulikuwa na nafasi ambayo haikuwa chumba cha mtu yeyote. Mume akachukua patasi, akabomoa upande wa jikoni.

Ndani palikuwa na uwazi mwembamba, wa kutosha mtu mmoja kusimama bila kugeuka. Hapakuwa na mlango wala dirisha. Lipu ya humo ilikuwa imechimbwa kwa kucha, mistari na mistari, kutoka sakafuni mpaka kimo cha mtu mzima.

"Kabati la bure," mume alisema, akacheka.

Siku iliyofuata mchana alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, jua linawaka nje, akasikia mumewe anaita kutoka jikoni. "Mama kijacho, nipe maji, koo limekauka." Akachota kikombe, akaenda. Sauti ilikuwa ndani ya ule uwazi, gizani. Akanyoosha kikombe. Mkono ukakipokea. Akasikia maji yakinyweka, gudu, gudu, na wakati huohuo akasikia kengele ya baiskeli mlangoni, na mumewe akaingia kutoka kazini akiwa na mnyororo begani, akiuliza chakula kiko tayari.

Kikombe kikarudishwa. Kilikuwa kimejaa nywele.

Walimleta Mama Viatu, mwanamke mnene aliyeuza viatu sokoni na kufukuza majini siku zisizo na wateja. Alifika kizingitini, akavuta pumzi mara moja, akarudi nyuma.

"Hilo halifukuziki," alinong'ona. "Lingefukuzika, waliowatangulia hapa wasingelijengea humo ukutani. Nani kabomoa?"

"Mimi, mama," mume alisema kwa sauti ndogo.

"Hongera. Sasa rudisheni matofali, leo hii, jua lingali juu. Mkae nje ya uwazi huo nyote wawili. Mtu asiingize hata pua. Mkianza msisimame, na likiita kwa sauti ya mtu wenu, msijibu. Mimi nitasoma huku uani. Humo siingii, nina watoto."

Wakaanza. Kisomo cha Mama Viatu kilisikika dirishani, mfululizo, kama nyuki. Mshonaji alipanga, mumewe alimpa tofali, na ukuta ukapanda haraka mpaka kifuani. Halafu Mshonaji akachungulia. Kwa upande wa ndani saruji ilikuwa imefinyika kwenye viungo, inaning'inia kama ndimi. Alijaribu kutoangalia. Akashindwa.

"Ipanguse," alisema.

"Mama Viatu amesema mtu asiingie."

"Usiingie. Inama tu, miguu ibaki huku. Nitapikaje jikoni kwangu nikijua ukuta uko vile?"

"Mke wangu, wewe utakuja kuniua." Alisema kwa utani, akachukua mwiko, akainama juu ya ukuta mpaka kiunoni. Mshonaji akasikia mwiko ukikwaruza. Kisha miguu ikainuka, ikapita juu, ikateremka upande wa pili. Kabla hajapiga kelele, mumewe akaruka nje, amepauka vumbi hadi kwenye kope, akachukua tofali na kumpa. Mshonaji akashusha pumzi, akaendelea.

"Mama kijacho." Sauti ilitoka ndani. "Ngoja basi. Mbona unaziba? Mimi sijatoka."

Hakujibu. Mama Viatu alishasema. Akaweka tofali.

"We! Utani gani huu? Miguu yangu haiendi, imeshikwa. Nisaidie."

Akaweka jingine. Machozi yalimtoka, na alikuwa anajipongeza huku analia, kwamba hata ikiiga vipi hawezi kudanganyika. Ndipo yule aliyesimama kando yake akamwinamia sikioni, na pumzi yake ikanuka nywele zilizolowa.

"Yule ndiye mumeo," alimwambia taratibu. "Usisimame."

"Kwa nini unaniambia?" Mshonaji aliuliza.

"Aliyenijengea mimi humo ukutani alijua anachofanya. Nataka na wewe ujue."

Akafungua mdomo kumwita Mama Viatu, na hapo ndipo tumbo lake likanyamaza, si kunyamaza kwa mtoto aliyelala bali kunyamaza kwa jiwe, kule alikokufahamu mara mbili katika vyumba vya kupanga, ule uzito wa kitu kilichokuwa mtu na sasa si mtu, na baridi ikampanda kutoka kitovuni mpaka kwenye meno, na yule wa kando akamnyooshea tofali, akasubiri, hana haraka, na mikono ya Mshonaji ikalipokea bila yeye kuiambia, ikalipaka saruji, ikaliweka mahali pake, na mtoto akapiga teke.

Akasimama kidogo. Tumbo likawa jiwe. Akaweka tofali. Teke.

"Unaona?" yule alisema. "Ni kazi rahisi."

Mumewe alikuwa anaona pia. Kupitia ufa uliobaki Mshonaji aliona macho yake, mekundu kwa vumbi, yakimtazama yeye kisha kumtazama yule aliyevaa sura yake, na akamsikia akianza kulia kama mtoto, akimwambia atakuwa analainisha viungo vyote anavyotaka, hatalalamika tena, atapangusa nyumba nzima kwa ulimi akitaka, ila asimwache humu, kuna kitu sakafuni kinamshika vifundo vya miguu, asimwache, mama kijacho, asimwache, na vidole vyake vikatokeza juu ya tofali la juu, vikang'ang'ania.

"Na vidole," yule alisema.

Mtoto alikuwa amenyamaza tena. Mshonaji akahesabu pumzi zake, akangoja teke, halikuja. Akageuza mwiko, akapiga kwa mpini. Akapiga tena. Vidole vikaachia. Akaweka saruji, akaweka tofali, na kwa mazoea, bila kufikiri, akalainisha kiungo vizuri kabisa.

"Mmemaliza?" Mama Viatu aliuliza kutoka uani.

"Tumemaliza, mama," mume alijibu.

"Haya, poleni. Leo mtalala." Akakusanya vitu vyake, akaenda zake sokoni.

Ukuta ulikauka jioni ileile.

Mama mkwe alikuja mwezi wa kujifungua, na mabegi yake na maneno yake. Alizunguka nyumba nzima akipapasa kuta, akisifu.

"Mwanangu alikuwa mvivu huyu, kufagia tu mpaka apigiwe kelele," alisema. "Sasa hivi hatoki, hanywi, hajibu mtu vibaya, kazi tu. Mkwe wangu, umemtengeneza. Nakushukuru."

"Asante, mama," Mshonaji alisema. Mkono wake haukutoka tumboni, usiku wala mchana, ukipima kila teke.

Kutoka chumba cha mtoto ilisikika patasi. Mama mkwe akamshika mkono wakaenda kuchungulia. Mume alikuwa amepiga magoti ukutani, karibu na sakafu, anachimba shimo dogo la mraba, safi, kingo zimenyooka. Matofali machache yalikuwa yamepangwa pembeni. Saruji mbichi ilikuwa tayari kwenye karai.

"Unatengeneza nini, baba?" mama yake aliuliza.

"Pa mtoto," alisema, bila kugeuka. "Mama, mtoto akizaliwa huwa na urefu gani?"

Mama mkwe akacheka mpaka akajishika mbavu. "Wanaume nyie! Hata hilo hujui? Ni huyu hapa tu." Akanyoosha mkono wake, akamwonyesha kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, na zaidi kidogo.

Mume akautazama ule mkono kwa makini. Kisha akapima shimo, akapunguza tofali moja katika yale ya kuzibia.