Nyuma ya Bata Bukini

Pikipiki ya magurudumu manne ilipinduka kwenye mawe, ikaharibika na kumwangukia Aipilik, na mfupa wa muundi ukalia ko! Redio ya mawasiliano ikazama dimbwini. Kupaaq, msichana aliyefuatana naye, alikuwa bado anamfunga mjomba wake mguu kwa vijiti vya hema pale ukungu ulipoingia kutoka kwenye barafu ya baharini. Walikuwa wametoka kwenye kibanda chao cha kambi kuja kuhesabu vifaranga wa bata bukini. Sasa hawakuona hata buti zao.

"Kibandani ni upande gani, Mama?" Aipilik akauliza kwa kejeli. Kupaaq alirithishwa jina la marehemu mama yake Aipilik, na kwa desturi yao anayerithi jina huhesabiwa kuwa ndiye marehemu; kwa hiyo mzee huyu wa miaka sitini alimwita Mama tangu siku aliyozaliwa, na ndugu zao walizoea kuwacheka.

"Ningejua, mwanangu, ningekaa hapa kukutazama?"

Siku mbili mvua ya barafu iliwachapa bila huruma. Maji ya madimbwi yalijaa kinyesi cha ndege. Walikunywa, wakatapika, wakanywa tena. Mguu ulivimba ukawa mweusi.

Siku ya tatu, ukungu ukiwa bado mzito, bata wawili walipita karibu, vifaranga watano nyuma yao.

"Wameanguliwa juzi tu," Kupaaq akasema. "Wanawapeleka kwenye majani ya pwani. Kibanda kiko pwani. Twende!"

"Nenda wewe. Mimi niache."

Kupaaq alipandwa na hasira. Nyumbani wote walijua: mwaka wa njaa, mama yake Aipilik alishindwa kutembea, akamwamuru mwanawe amwache kwenye theluji. Kijana akatii.

"Siku ile nilikuambia uniache," Kupaaq akasema, kama marehemu mwenyewe. "Nilikosea, mwanangu. Leo nakuambia inuka!"

Aipilik alimkodolea macho. Kisha akashika bunduki yao ya kujihami na dubu kama mkongojo, akainuka huku akipiga mayowe.

Walifuata sauti za bata kutwa nzima. Ndege mwizi wa pwani alishuka akanyakua kifaranga wa nyuma kabisa; wazazi walipiga kelele, ila hawakusimama. Aipilik alianguka mara tisa, na kila mara Kupaaq alimtukana mpaka akasimama.

Mwishowe wakasikia injini ya boti. Ndugu zao walikuwa wamefika kibandani kuwatafuta.

Ndani ya boti Aipilik alilaza kichwa chake chenye mvi mapajani mwa Kupaaq, binti wa miaka ishirini.

"Mama, nilikuacha," akasema, akalia kwa sauti.

"Nimeshafika, mwanangu. Lala."

Hakuna aliyecheka.