Aliyecheka wa Kwanza

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye karakana yenye mafundi saba. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na binti yangu wa sekondari.

Kila asubuhi yeye hutoka kabla yangu. Jumatatu moja nikamkuta bado kajifunika shuka.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi amka. Mtihani ni wiki ijayo."

"Siendi tena shule, mama."

Nikadhani utani. Jumanne hakwenda. Jumatano pia hakwenda. Nikambana mpaka akasema. Shuleni alikuwa kwenye kikundi cha wasichana watano. Mchana walikula pamoja kwenye benchi lao. Kiongozi wao akicheka, ndipo wengine wanacheka. Ijumaa mbuzi aliingia darasani, na binti yangu akacheka.

"Sasa kosa liko wapi?" nikauliza.

"Nilicheka kabla yake."

"Kabla ya mbuzi?"

"Mama, bwana. Kabla ya kiongozi. Sasa hawaongei nami. Wananiita Kiherehere. Benchini hawanitaki. Nikienda nitakaa na nani?"

Kichwa kilinizunguka. Nimesikia watoto wakiacha shule kwa maradhi au kwa kukosa ada. Kwa mbuzi, sijawahi. Nikailaumu filamu moja ya vichekesho vya wanafunzi. Binti yangu ameitazama kwenye simu mpaka anajua maneno yote. Nikaifungia simu yake kabatini. Haikusaidia kitu. Sasa alikaa bila shule na bila simu.

Jioni nikamwita jirani yetu. Yeye hufundisha chuoni somo la jamii, yaani jinsi watu wanavyoishi pamoja.

"Toa hiyo simu," akasema. "Tuitazame wote."

Tukatazama. Msichana mgeni aliingia kwenye ukumbi wa chakula, akakaa kwenye kiti cha msichana anayeogopwa na shule nzima. Ukumbi mzima ukanyamaza. Mimi nilicheka mpaka machozi. Binti yangu hakucheka.

Jirani akaisimamisha filamu. "Nani kaandika kwamba kiti kile hakikaliwi?"

"Hakuna," nikajibu.

"Lakini wote wanajua. Hizo huitwa kanuni za kundi. Haziandikwi popote. Ukizivunja, unatengwa na unabandikwa jina baya. Wenzako wakiona hivyo, wanazidi kuogopa."

"Kwa hiyo filamu ndiyo iliyomharibu?"

"Filamu inaonyesha tu, jirani. Hata sisi watu wazima tunazo kanuni hizo. Kazini kwenu, nani huanza kunywa chai?"

"Mama Mkasi, fundi mkuu."

"Hakuna aliyewahi kumtangulia?"

Nikashikwa na aibu. Wiki mbili nyuma, fundi mgeni alijimiminia chai kwanza. Tangu siku hiyo hatumsemeshi. Tunamwita Mlafi. Jina hilo nililitoa mimi.

"Nani aliwaambia msimsemeshe?" jirani akauliza.

"Hakuna. Tuliacha tu."

"Basi kanuni hiyo inaishi kwa sababu mnaitii. Mmoja akiacha kuitii, inaanza kulegea."

Usiku sikuelewa vizuri nani alikuwa na shida nyumbani mwetu, mtoto au mimi.

Alhamisi, muda wa chai, sikumngoja Mama Mkasi. Nilimimina vikombe viwili. Nikampelekea yule mgeni.

"Nilikukosea, dada. Nisamehe."

Akapokea, akanisogezea stuli. Mama Mkasi alinikata jicho. Mafundi wote walinigeukia. Baadaye fundi wa vifungo akaja na kikombe chake, akakaa nasi.

Jioni nikamsimulia binti yangu.

"Muhula uliopita tulimtenga msichana mmoja," akasema. "Hata mimi nilimtenga. Sikumbuki kwa nini."

Ijumaa alivaa sare yake mwenyewe, bila kuamshwa. Siku nzima nilishona huku roho iko juu. Jioni nikamngojea mlangoni.

"Umekaa na nani?"

"Na yule tuliyemtenga. Nimemwomba msamaha."

"Kakusamehe?"

"Kasema atafikiria. Lakini alisogea, nikakaa."

"Na wale wa kikundi?"

"Walikuwa wananitazama."

"Ukafanya nini, mwanangu?"

"Nilikula, mama. Nilikuwa na njaa."