Simu Isiyokatwa

Mambo yalianza kwenda mrama asubuhi moja, na yalianza kwa shukrani.

"Jana umembembeleza mtoto vizuri," mama yake alisema kwenye simu. "Hata hakulia. Nilimsikia anacheka, kisha kimya, kumbe amelala."

Koti alikuwa na mswaki mdomoni. Akautoa. Jana jioni alikuwa maktaba mpaka walipozimiwa taa, na simu aliisahau kitandani.

Wanafunzi wenzake walimwita Koti kwa sababu hakulivua koti lake hata akiwa amekaa kando ya jiko. Alikuja katika mji ule mkongwe kusomea ukarabati wa majengo ya kale, na kusoma hakukumshinda. Kilichomshinda ni kwamba alimwacha binti yake mdogo, Kidonge, nyumbani kwa mama yake. Hofu yake ilikuwa moja na hakumficha mtu: alihofia mtoto atamsahau.

Ndiyo maana yeye na mama yake walijiwekea mtindo wao. Simu haikatwi. Koti akirudi kutoka chuoni anapiga, wakishasalimiana kila mmoja anashika lake. Huku anakata vitunguu, kule mama anafagia na kuwasema kuku wa jirani. Kidonge akilala, simu inawekwa kando ya mto wake, ili akishtuka amsikie Koti, mama yake, anapumua. Wapo watakaowacheka. Mimi siwacheki, maana nimewahi kuwa mbali na wangu.

"Mama, jana sikuwa chumbani."

"Usinitanie, mwanangu."

"Sikutanii. Nilikuwa maktaba."

Mama alishusha sauti. "Basi aliyekuwa anaimba ni nani?"

Chumba cha Koti kilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe, yenye kuta nene za kuweza kumeza dirisha zima. Alikikagua kama alivyofundishwa kukagua nyufa. Hakukuwa na mtu wala kitu, ila harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, katika nyumba ambayo taa zake zote ni za umeme. Akajiambia ni uchovu, akaenda darasani.

Siku zilizofuata ukuta ukaanza kufagia. Simu ikiwa imeisha chaji, yeye amekaa kitandani na kitabu, anasikia nyuma ya mgongo wake ufagio wa mama yake, kisha mfuniko wa sufuria, kisha kile kikohozi cha mama cha kusafisha koo kabla ya kuita mtu. Vyote vilitoka kwenye mawe. Na naona aibu kulisema kwa niaba yake, lakini mara ya kwanza alilia kwa furaha, akaegemeza shavu ukutani.

Furaha ilikwisha siku aliyorudi magharibi, giza likiwa limeshaingia ngazini, akapanda akipapasa kuta, na alipofika mlangoni, ufunguo mkononi, akasikia ndani ya chumba kilichofungwa sauti ya mwanamke ikiimba taratibu, ikikosea palepale anapokosea yeye, ikicheka palepale anapochekea yeye, kisha ikisema kile anachosema yeye kila siku, "Lala, mama yuko hapa," na kwenye simu aliyoisahau tena kitandani Kidonge akiitikia, "Haya, mama."

Alipofungua hakukuwa na mtu. Aliinyakua simu.

"Kidonge, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mama," mtoto alisema kwa usingizi. "Yule mwingine. Yeye haendi shule."

Mwenzake wa darasani alimpeleka kwa mganga, mama mtu mzima aliyeishi ng'ambo ya mto. Kesho yake mchana mganga alipanda zile ngazi akilalamika hatua kwa hatua kwamba wasomi wanapenda kukaa juu kama njiwa. Alipoingia akaacha utani. Akanusa, akagusa ukuta.

"Huyu hana ugomvi na wewe," alinong'ona. "Ana upweke. Amesikia watu wanapendana, akatamani. Wenye hasira huchoka, lakini huyu hachoki. Ziba matundu yote. Dirisha tu libaki wazi, apate pa kutokea."

Koti aliziba tundu la ufunguo kwa sabuni na bomba la sinki kwa kitambaa. Kwa mara ya kwanza alivua koti lake, akalisokomeza chini ya mlango. Mganga akafukiza ubani, akaanza kusoma dua, na ile harufu ya utambi ikapanda mpaka machozi yakawatoka, na kuta zikatoa kila zilichowahi kusikia, ufagio na sufuria na kikohozi na wimbo, vyote kwa pamoja, vikizunguka chumba vikitafuta njia, juu, chini, kitandani, halafu kimya.

Harufu ikaisha. Mganga alikuwa anatazama pazia la dirishani. Halikutikisika hata kidogo.

"Ametoka?" Koti aliuliza.

"Ametoka," mganga alisema, bado akilitazama pazia.

Alipobaki peke yake Koti alicheka na kulia. Akafunua blanketi aipate simu, ampe mama yake habari njema. Simu ilikuwa ya moto. Ilikuwa wazi tangu asubuhi, kama kawaida yao.

"Mama?"

"Nani?" Mama alijibu kwa kunong'ona.

"Mimi, mama. Ameondoka. Yamekwisha."



"Mwanangu," mama alisema, "simu nimeitoa kwa mtoto kitambo, naichaji huku sebuleni. Sasa wewe ukiwa huku, kule chumbani nani anaongea?"

"Mtoe mtoto, mama. Mtoe sasa hivi."

"Mlango haufunguki."

Akasikia mama yake akisukuma mlango, akiita jina la mtoto. Na nyuma ya mlango ule, kwa mbali, Koti aliisikia sauti yake mwenyewe ikiimba, ikikosea palepale.

"Mama, umerudi?" Kidonge aliuliza.

"Nimerudi."

"Na shule?"

"Siendi tena."